Insulini Inavyofikisha Ujumbe kwenye Jeni: Somo la Seli za Maabara kwa Wahudumu na Wagonjwa wa Nyanda za Juu za Kigoma

Utangulizi

Manyovu ni mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Buhigwe, mkoani Kigoma, ambako barabara itokayo Kasulu hukutana na mpaka wa Burundi. Ni nchi ya milima na ubaridi, yenye kahawa, migomba, maharage, mahindi na mihogo. Kama ilivyo Kasulu na Kibondo, wakazi wake wengi ni wakulima, na siku ya kazi huanza alfajiri kwa jembe.

Katika vituo vya afya vya vijijini, mhudumu anayewahudumia watu wenye kisukari hukutana mara kwa mara na kauli moja: "Leo sikupata chakula, kwa hiyo sikuchoma sindano." Kauli hiyo inaonekana kuwa na mantiki. Ikiwa insulini ni dawa ya kushusha sukari, na sukari hutoka kwenye chakula, basi asiyekula ana haja gani ya insulini? Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, hata hivyo, mantiki hiyo inaweza kumfikisha kwenye hatari ya kufa ndani ya siku mbili au tatu.

Jibu la kauli hiyo limo ndani ya kiini cha seli ya ini, mahali ambapo jeni husomwa. Wanasayansi walilipata kwa kukuza seli za ini katika vyombo vya maabara na kuzitazama zikiitika insulini dakika baada ya dakika. Somo hili linaeleza walichokiona, namna walivyokithibitisha, na maana yake kwa mgonjwa aliye mbali na maabara yoyote ya namna hiyo.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza:

1. Kueleza kwa lugha nyepesi njia ambayo ujumbe wa insulini hupita kutoka nje ya seli hadi kwenye jeni.
2. Kueleza jinsi seli zilizokuzwa maabara zinavyotumika kuthibitisha njia hiyo.
3. Kueleza kwa nini sukari ya asubuhi huwa juu hata kwa mtu aliyelala bila kula.
4. Kutoa ushauri ulio salama kwa mgonjwa wa aina ya kwanza aliyekosa chakula au anayeumwa, na kuhusu utunzaji wa insulini mahali pasipo na jokofu.

Ini ni ghala na pia ni kiwanda

Mwili hauwezi kungoja mlo ili upate glukosi. Ubongo wa mtu mzima peke yake hutumia takribani gramu 120 za glukosi kwa siku, usiku na mchana. Kati ya mlo na mlo, anayetoa glukosi hiyo ni ini. Kwa mtu mzima mwenye kilo 60, ini hutoa takribani miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa kila dakika, yaani zaidi ya gramu 170 kwa siku nzima ya kufunga.

Ini hutekeleza kazi hiyo kwa namna mbili. Kwanza, hufungua akiba yake ya wanga uitwao glaikojeni, kama mkulima anavyofungua ghala. Akiba hiyo ni ndogo, takribani gramu 100, na huelekea kwisha baada ya siku moja ya kutokula. Pili, ini hutengeneza glukosi mpya kutokana na vitu visivyo wanga: asidi laktiki kutoka kwenye misuli, gliseroli kutoka kwenye mafuta, na asidi amino kutoka kwenye protini. Hapo ini linafanya kazi ya kiwanda, na mashine za kiwanda hicho ni vimeng'enya. Viwili kati ya vilivyo muhimu zaidi hujulikana kwa vifupisho PEPCK na G6Pase.

Kila kimeng'enya ni protini, na kila protini hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni. Anayetaka kupunguza kazi ya kiwanda kwa saa kadhaa hana budi kupunguza idadi ya mashine zenyewe, na hilo hufanyika kwenye jeni.

Maana ya jeni kudhihirika

Kila seli ya mwili yenye kiini hubeba takribani jeni 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya jicho zina jeni zilezile. Zinatofautiana kwa sababu kila moja husoma baadhi tu ya kurasa za kitabu hicho kikubwa.

Jeni inaposomwa, nakala yake hutengenezwa kwa umbo la RNA mjumbe. Hatua hiyo huitwa unukuzi. RNA mjumbe hutoka kwenye kiini na kwenda kwenye mitambo ya seli, ambako protini hutengenezwa kulingana na maelekezo yake. Safari hiyo yote, kutoka jeni hadi protini, ndiyo kudhihirika kwa jeni.

Zipo protini maalumu zinazoshika DNA karibu na mwanzo wa jeni na kuamuru isomwe au isisomwe. Hizo huitwa vidhibiti vya unukuzi. Insulini yenyewe haifanyi kazi hiyo. Haihitaji hata kuingia kwenye kiini. Inabisha hodi mlangoni, na walio ndani hupokezana ujumbe mpaka umfikie kidhibiti.

Njia ya ujumbe

Insulini ni protini ndogo yenye asidi amino 51, inayotolewa na kongosho. Damu inayotoka kwenye kongosho hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, ndiyo maana ini hupata kiwango kikubwa cha insulini kuliko viungo vingine.

Hatua ya kwanza: mlangoni. Juu ya utando wa seli kuna kipokezi cha insulini. Kipokezi hicho kina sehemu mbili zilizo nje na sehemu mbili zinazopenya hadi ndani. Insulini inapokishika kwa nje, umbo lake hubadilika, na sehemu za ndani huanza kubandika fosfeti kwenye asidi amino iitwayo tairosini. Kimeng'enya kinachobandika fosfeti huitwa kinasi, na fosfeti hutumika kama muhuri: protini iliyogongwa muhuri hubadilisha tabia yake.

Hatua ya pili: wapokezi wa ndani. Muhuri huo hugongwa kwenye protini ziitwazo IRS, nazo huiita kinasi nyingine iitwayo PI3K. Hii hubadilisha mafuta fulani ya utando wa seli, na mafuta hayo yaliyobadilishwa huiita protini iitwayo Akt na kuiwezesha kuamshwa.

Hatua ya tatu: njia panda. Akt ndiyo njia panda ya ujumbe wa insulini. Katika misuli na mafuta, Akt husababisha milango ya glukosi iitwayo GLUT4 kupandishwa juu ya utando ili glukosi iingie. Katika ini na misuli, huruhusu glukosi kuwekwa akiba kama glaikojeni. Kazi hizo hufanyika ndani ya dakika chache na hazihitaji jeni kusomwa.

Hatua ya nne: kiini. Hapa ndipo habari ya jeni inapoanza. Ndani ya kiini cha seli ya ini kuna kidhibiti cha unukuzi kiitwacho FOXO1. Mtu anapokuwa amefunga na insulini iko chini, FOXO1 hukaa kwenye kiini na kuchochea usomaji wa jeni za PEPCK na G6Pase. Insulini inapopanda, Akt huigonga FOXO1 muhuri mahali patatu. FOXO1 yenye mihuri hiyo hushikwa na protini nyingine na kutolewa nje ya kiini. Ikishatoka, jeni za kutengeneza glukosi hukosa kichocheo chake na hunyamaza.

Wakati huohuo, insulini huamsha jeni nyingine. Kidhibiti kiitwacho SREBP-1c huongezeka na kuchochea jeni za kutengeneza mafuta kutokana na glukosi iliyozidi. Jeni ya glukokinasi, kimeng'enya kinachoishika glukosi ndani ya seli ya ini, nayo husomwa zaidi. Njia nyingine ya ujumbe, ipitayo kwenye kinasi iitwayo ERK, huchochea jeni zinazohusika na kukua na kugawanyika kwa seli. Kwa hiyo insulini si dawa ya kushusha sukari tu. Ni mjumbe anayeliambia ini kwamba mwili umeshiba, na ini hupanga upya orodha ya jeni za kusomwa.

Namna ambavyo jambo hili lilithibitishwa

Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza kuchomwa sindano yake, kijana wa miaka 14, aliipata Januari 1922. Kwa miongo mingi baada ya hapo ilijulikana kwamba insulini inapunguza utengenezaji wa glukosi kwenye ini, lakini haikuwa wazi kama inafanya hivyo kwa kugusa jeni. Katika mwili mzima ni vigumu kujua. Insulini inaposhusha sukari, homoni nyingine kama glukagoni, adrenalini na kotisoli nazo hubadilika, na haiwezekani kutenganisha kazi ya mmoja na ya mwingine kwa urahisi.

Seli zilizokuzwa ziliondoa kikwazo hicho. Seli huwekwa kwenye sahani za plastiki zenye maji ya lishe: chumvi, sukari, asidi amino na vitamini, katika joto la nyuzi 37. Hapo hakuna glukagoni wala adrenalini isipokuwa mtafiti aiongeze mwenyewe. Aina mojawapo iliyotumika sana ni H4IIE, seli zilizotokana na uvimbe wa ini la panya. Mwaka 1983, Daryl Granner na wenzake nchini Marekani walitumia seli hizo na kuonyesha, katika jarida la Nature, kwamba insulini huzuia unukuzi wa jeni ya PEPCK. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza ulio wazi kwamba insulini inaweza kunyamazisha jeni moja kwa moja, bila kupitia kwanza badiliko la sukari ya damu.

Jaribio la namna hiyo hupita katika hatua zinazofahamika. Seli huachwa kwanza kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha, katika maji yasiyo na siramu, ili zisiwe na ujumbe wa insulini uliotangulia. Kisha insulini huongezwa katika sahani kadhaa, na sahani nyingine huachwa bila insulini ili ziwe za kulinganisha. Seli huvunwa kwa nyakati tofauti: baada ya dakika 5, dakika 15, nusu saa, saa moja, saa kadhaa. Katika kila fungu hupimwa mambo mawili. Kwa kutumia kingamwili maalumu, mtafiti huangalia kama Akt imegongwa muhuri wa fosfeti. Kwa kipimo cha PCR, hupima wingi wa RNA mjumbe ya PEPCK.

Matokeo hufuatana kwa mpangilio. Akt hugongwa muhuri ndani ya dakika chache. RNA mjumbe ya PEPCK hupungua baadaye, kwa sababu ile iliyokwisha kunukuliwa huvunjika taratibu wakati mpya haitengenezwi. Nusu ya RNA hiyo huvunjika kwa muda wa takribani nusu saa. Insulini ikiondolewa, jeni huanza kusomwa tena.

Kufuatana kwa matukio hakutoshi kuthibitisha kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Kwa hiyo watafiti hukata njia makusudi. Seli zikipewa kwanza kizuizi cha PI3K, kama vile wotimanini, insulini hushindwa kunyamazisha PEPCK. Seli zikipewa aina ya FOXO1 iliyobadilishwa ili isiweze kugongwa muhuri na Akt, kidhibiti hicho hubaki kwenye kiini na jeni huendelea kusomwa hata insulini ikiwapo. Mtu anayetaka kujua ni mfereji upi unaoleta maji shambani huziba mmoja baada ya mwingine na kutazama shamba. Watafiti wa seli hufanya vivyo hivyo.

Sukari ya asubuhi na ukinzani wa insulini

Maarifa haya yanafafanua jambo linalowashangaza wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili. Mtu amekula ugali na maharage saa moja jioni, amelala, hajala kitu, lakini kipimo cha asubuhi ni milimoli 11 kwa lita. Wengine hushukiwa na jamaa zao kwamba walikula kwa siri usiku.

Mara nyingi hakuna aliyekula kwa siri. Katika ukinzani wa insulini, kipokezi hubishwa hodi lakini ujumbe haupiti vizuri kwenye hatua zinazofuata. FOXO1 hubaki kwenye kiini kuliko inavyopasa, jeni za PEPCK na G6Pase huendelea kusomwa, na ini hutoa glukosi usiku kucha. Mhudumu akilielewa hilo, atamwondolea mgonjwa lawama isiyo yake. Atamweleza pia kwa nini kuruka chakula cha jioni peke yake hakutoshi, na kwa nini metifomini, ambayo hupunguza glukosi inayotoka kwenye ini, imo katika tiba ya msingi.

Kuna jambo jingine la ajabu. Mwaka 2008, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya lehemu, walieleza kwamba ukinzani wa ini huwa wa kuchagua. Tawi la kunyamazisha jeni za glukosi hushindwa, lakini tawi la SREBP-1c linaloamsha jeni za mafuta huendelea kuitika. Kwa kuwa kongosho huongeza insulini ili kufidia, ini hupata hasara mbili kwa pamoja: hutengeneza glukosi nyingi na mafuta mengi. Ndiyo sababu watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili huwa na mafuta kwenye ini, hata wasiokula vyakula vya mafuta mengi.

Jambo hili si la mijini peke yake. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake katika vijiji sita vya Tanzania, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani asilimia 9 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na walengwa wa tafiti hizo havikuwa sawa, kwa hiyo namba hizo hazifai kulinganishwa kana kwamba ni moja, lakini mwelekeo wake hauna shaka.

Habari njema kwa mkulima wa milimani ni kwamba misuli inayofanya kazi hupandisha milango ya GLUT4 kwa njia nyingine isiyotegemea insulini. Kulima, kupanda kilima na kubeba mzigo hushusha sukari hata kwa mwenye ukinzani. Lakini anayetumia sindano na kwenda shambani na jembe hana budi kubeba kitu cha wanga, kwa maana njia mbili zikishusha sukari kwa pamoja, inaweza kushuka kupita kiasi.

Aliyekosa chakula: jibu la swali la mwanzo

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho halitoi insulini, au hutoa kidogo mno. Hebu tuchukue mfano wa kijana wa miaka 17 mwenye ugonjwa huo, ambaye amepata malaria, hawezi kula, na kwa hiyo ameacha sindano.

Saa chache baada ya insulini ya mwisho kwisha mwilini, kinachotokea kwenye ini lake ni kilekile kinachoonekana kwenye sahani ya maabara insulini inapoondolewa. Akt hulala, FOXO1 hurudi kwenye kiini, na jeni za kutengeneza glukosi husomwa kwa nguvu zote. Homa nayo huongeza kotisoli na adrenalini, ambazo huchochea jeni hizohizo. Sukari hupanda ingawa kijana hajala chochote.

Mbaya zaidi, mafuta ya mwili huanza kuyeyushwa bila kizuizi, na jeni za vimeng'enya vinavyogeuza mafuta hayo kuwa ketoni husomwa zaidi kwenye ini. Ketoni ni tindikali. Zinapozidi, damu huwa chachu, na mgonjwa huonyesha dalili hizi: kiu kali na mkojo mwingi, kichefuchefu na kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kina na kwa haraka, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, usingizi mzito na hatimaye kupoteza fahamu. Maumivu ya tumbo na kutapika huweza kudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo peke yake. Kwa hiyo kila kijana anayetapika na kupumua kwa kina apimwe sukari, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vimelea.

Ushauri unaofuata kwa mgonjwa wa aina ya kwanza ni huu:

• Asiache insulini kabisa, hata asipokula. Insulini ya msingi, ile inayofanya kazi polepole, ina kazi ya kunyamazisha jeni za ini, si ya kushughulikia chakula tu.
• Asichome pia dozi kamili ya insulini ya mlo, au ya mchanganyiko, wakati hana chakula, kwani sukari inaweza kushuka kwa hatari. Dozi irekebishwe kwa mpango uliowekwa na kliniki kabla ya siku ya ugonjwa kufika.
• Apime sukari mara nyingi zaidi kuliko kawaida, anywe maji kwa wingi, na apate uji au kinywaji chenye sukari kidogo sukari yake inapokuwa chini.
• Akitapika mfululizo, au sukari ikibaki juu, au akipumua kwa kina, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja asubuhi.

Ushauri huu usihamishiwe kwa mgonjwa wa aina ya pili anayetumia vidonge kama glibenklamaidi. Vidonge hivyo hulazimisha kongosho kutoa insulini, na mtu asiyekula akivimeza anaweza kushukiwa na sukari kwa muda mrefu. Huyo asimeze kidonge hicho bila chakula, na aulize kituoni.

Insulini iliyokaa kwenye joto

Swali la pili linaloulizwa sana vijijini ni kama insulini isiyowekwa kwenye jokofu bado inafanya kazi. Hapa pia seli zilizokuzwa zimetoa ushahidi, tena kutoka Afrika Mashariki.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Lilikuwa likienda kutoka takribani nyuzi 25 usiku hadi 37 mchana. Joto hilo likaigwa maabara kwa wiki nne, na aina mbalimbali za insulini zikawekwa humo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini haikupoteza nguvu kwa kiasi chenye madhara kwa tiba. Watafiti hawakuishia kupima wingi wa insulini katika chupa. Waliijaribu pia kwenye seli zinazoitika insulini, kwa sababu insulini inaweza kuwapo katika chupa na bado ikashindwa kubisha hodi. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 nayo yalikuta kwamba chupa za insulini ya binadamu zisizofunguliwa zinaweza kukaa hadi miezi sita kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, au hadi miezi miwili kwenye joto lisilozidi nyuzi 37, bila upungufu wa maana.

Kwa Buhigwe, Kasulu na Kibondo, na kwa kambi kama Nyarugusu, ushahidi huu una uzito. Familia isiyo na umeme haina sababu ya kumnyima mtoto sindano, wala ya kumtuma kituoni kila siku kwa ajili ya dozi moja. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini na kulowanishwa kwa nje hushusha joto zaidi. Yapo mambo manne ya kuzingatia:

• Chupa isiachwe juani, kwenye gari lililofungwa, wala karibu na mafiga.
• Isigande. Insulini iliyoganda itupwe, hata kama imeyeyuka tena.
• Chupa iliyofunguliwa iandikwe tarehe, na isitumiwe baada ya wiki nne au muda ulioandikwa na mtengenezaji.
• Insulini iliyo angavu ikionyesha ukungu au chembe, itupwe. Ile iliyo nyeupe kama maziwa, ikibaki na mabonge baada ya kuzungushwa taratibu mikononi, nayo itupwe.

Mipaka ya ushahidi wa seli

Seli ya maabara si mgonjwa. Seli za H4IIE zilitokana na uvimbe, nazo ni za panya. Haziguswi na mishipa ya fahamu, chakula wala homa. Mara nyingi hupewa insulini ya nanomoli 100 kwa lita, ilhali katika damu ya mtu aliyefunga huwa chini ya sehemu moja ya kumi ya nanomoli, na baada ya mlo hupanda hadi sehemu chache tu za kumi. Jambo lililoonekana kwenye sahani hukubaliwa kuwa na maana kwa tiba pale linapoonekana pia kwa wanyama na kwa binadamu. Habari ya FOXO1 na jeni za glukosi imepita majaribio hayo kwa wanyama na inalingana na yanayoonekana kwa wagonjwa. Madai mengi ya dawa za mitishamba "zilizothibitishwa kwenye seli" hayajapita. Mgonjwa anayeambiwa aache insulini kwa sababu mmea fulani ulishusha sukari kwenye seli za maabara anaambiwa jambo ambalo ushahidi huo haulibebi.

Muhtasari

Insulini hubisha hodi kwenye kipokezi, ujumbe hupita kwa IRS, PI3K na Akt, na FOXO1 hutolewa nje ya kiini. Jeni za kutengeneza glukosi hunyamaza na jeni za kuweka akiba huamka. Insulini ikikosekana, ini hutengeneza glukosi na ketoni hata tumbo likiwa tupu. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa aina ya kwanza haachi insulini kwa kukosa chakula, bali hurekebisha dozi kwa mpango. Insulini iliyotunzwa kivulini, isiyoganda na isiyopitwa na muda, huendelea kuutimiza ujumbe wake hata pasipo na jokofu.

Maswali ya kujadili kituoni

1. Mgonjwa wa aina ya kwanza anayetumia insulini ya mchanganyiko anasema kesho hatakuwa na chakula hadi jioni. Ni maswali gani ayaulizwe, na ni mpango gani uandikwe kwenye kadi yake?
2. Kwa nini kipimo cha sukari cha asubuhi kinaeleza zaidi kazi ya ini kuliko chakula cha jana jioni?
3. Kijana ana vimelea vya malaria, anatapika na anapumua kwa kina. Ni kipimo gani kisichopaswa kusahauliwa, na kwa nini?
4. Familia ina chupa mbili za insulini na haina jokofu. Ielezwe nini kuhusu chupa iliyofunguliwa na ile isiyofunguliwa?